Kwa Nini Pangaboi la Dakota Lilizungushwa kwa Mikono Kabla ya Kuwashwa

Msomaji anauliza: "Babu yangu alikuwa fundi msaidizi wa ndege za Dakota pale Nairobi miaka ya 1960. Anasimulia kwamba asubuhi, kabla rubani hajawasha, walizungusha pangaboi kwa mikono huku wakihesabu kwa sauti, halafu injini ikishika inafuka moshi kama jiko la kuni. Anasema ndege za siku hizi hazina roho. Kule kuzungusha kulikuwa na kazi gani? Moshi na oili iliyodondoka chini ulikuwa ubovu? Na kama zilikuwa imara hivyo, mbona zilitoweka?"

Mfikishie babu shikamoo yetu, kisha mwambie kumbukumbu yake iko sawasawa. Kule kuhesabu hakukuwa mbwembwe. Kulikuwa kinga dhidi ya madhara ya aina moja tu, mabaya sana, na injini iliyorukwa hatua hiyo inaweza kuonekana nzima asubuhi, ikaja kuvunjika hewani wiki nyingine.

Ili ulielewe hilo, itazame injini yenyewe. Dakota ni jina lililozoeleka la Douglas DC-3 na la ndugu yake wa kijeshi, C-47. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, na zikaundwa zaidi ya 10,000, nyingi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aina iliyoenea zaidi ina injini mbili za Pratt & Whitney R-1830, ziitwazo Twin Wasp. Namba 1830 ni ujazo wa silinda zote kwa inchi za ujazo, yaani kama lita 30. Silinda ziko 14, zimepangwa kama miale ya nyota katika safu mbili za saba saba, safu moja mbele na nyingine nyuma, na zinapozwa na upepo tu. Hakuna maji wala rejeta ya maji.

Sasa fikiria gari. Silinda za gari zimesimama, oili iko chini kwenye sampu, na injini ikizimwa oili yote inateremka mbali na pistoni. Kwenye injini ya nyota mambo ni kinyume kwa nusu ya silinda. Zile za juu zimesimama wima, lakini za chini zimening'inia kichwa chini. Silinda namba 8, ambayo iko chini kabisa kwenye safu ya mbele, imepinduka moja kwa moja, na jirani zake 7 na 9 za safu ya nyuma karibu vivyo hivyo. Injini ikizimwa jioni ikiwa ya moto, oili iliyobaki kwenye kuta na kwenye krankshafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, huchuruzika usiku kucha. Hupenya polepole kwenye nafasi za ringi za pistoni, ikakusanyika kwenye vichwa vya silinda za chini, mahali ambapo petroli na hewa zinatakiwa kubanwa na kuwaka.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kila silinda ina ujazo wa lita 2.1 na kidogo. Injini hubana mchanganyiko kwa uwiano wa 6.7 kwa 1, kwa hiyo pistoni ikifika mwisho wa safari yake, nafasi inayobaki ni kama mililita 375. Hiyo ni chupa moja ya soda na tone juu yake. Hewa hubanika, oili haibaniki. Oili ikijaa kiasi hicho huku valvu zimefungwa, pistoni haiwezi kumaliza safari, na ikilazimishwa, lazima kitu kiachie. Mara nyingi kinachoachia ni konrodi, mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krankshafti, ambayo hupinda kidogo. Wakati mwingine kichwa cha silinda hupata ufa, au bolti zake huvutika.

Wengi hudhani stata ndiyo inayopinda konrodi. Stata ina klachi inayoteleza ikikutana na ukinzani mkubwa, ingawa nayo si ya kuaminiwa kabisa. Adui mkubwa zaidi ni silinda nyingine za injini hiyohiyo. Injini ikishika kwenye silinda mbili tatu za juu kabla ile ya chini haijafika kwenye mgandamizo, nguvu ya mlipuko ndiyo inayoisukuma pistoni iliyofungwa na oili, na nguvu hiyo haina klachi. Baya zaidi, konrodi iliyopinda kidogo haipigi kelele. Injini inaunguruma vizuri, ndege inapaa, na chuma kinaendelea kuchoka kwa masaa kadhaa mpaka kinakatika.

Ndiyo maana ya kuhesabu. Tuite kifaa kizima pangaboi, na kila moja ya vipande vyake vitatu tuiite panga. Pangaboi la Dakota halijafungwa moja kwa moja kwenye krankshafti. Kati yao kuna giaboksi ya uwiano wa 16 kwa 9, ili krankshafti izunguke kwa kasi na pangaboi taratibu. Injini ya mipigo minne inahitaji krankshafti izunguke mara mbili ndipo kila silinda iwe imepita kwenye mgandamizo. Piga hesabu: mizunguko miwili ya krankshafti ni mzunguko mmoja na moja ya nane wa pangaboi, yaani mapanga matatu na theluthi hivi. Kwa hiyo panga la nne likishapita mbele ya macho ya mhesabuji, silinda zote 14 zimejaribiwa. Wafanyakazi wa ndege hizi kwa kawaida hawakuishia hapo. Walifika 9, 12 au hata 15, kwa sababu oili iliyolala kwenye mabomba ya kuingizia hewa inaweza kunyonywa ndani kwenye mzunguko wa pili hata kama wa kwanza ulipita salama.

Namna ya kuzungusha nayo ilikuwa na masharti yake. Kwanza mtu aliyeko chumba cha marubani alitaja kwa sauti kwamba swichi za magneto (mashine ndogo zinazozalisha cheche za plagi) zimezimwa, mkono wa petroli umefungwa, na breki zimeshikwa. Hata hivyo pangaboi lilichukuliwa kuwa linaweza kuwaka wakati wowote, kwa sababu magneto haitegemei betri, na waya mmoja tu wa kuizimisha ukikatika, magneto ni hai hata swichi ikionyesha imezimwa. Kiganja kiliwekwa bapa kwenye uso wa panga, na vidole havikukunjwa kuzunguka ukingo wake. Mtu alisukuma, akatembea akitoka nje ya duara, na mwenzake akapokea panga linalofuata. Ukisimama mbele ya ndege, pangaboi la Dakota linazunguka kinyume cha mshale wa saa, na upande huo ndio pekee unaoruhusiwa.

Likigoma je? Hapa ndipo palipomtofautisha mwenye uzoefu na mwenye pupa. Mwenye pupa alilirudisha nyuma kidogo kisha akalisukuma tena, likapita, akafurahi. Kumbe alichofanya ni kuisukuma oili kupitia valvu ya kuingizia iliyo wazi, ikaenda kukaa kwenye bomba, ikisubiri kunyonywa tena pindi injini itakaposhika. Dawa ni kusimama palepale, kutafuta silinda iliyofungwa, kufungua plagi zake mbili, na kuiachia oili imwagike kwenye ndoo. Kisha pangaboi huzungushwa plagi zikiwa nje mpaka pasitoke kitu, plagi zinafutwa na kukaushwa, zinarudishwa na washa (pete za kuzibia) mpya. Ni kazi ya nusu saa na zaidi, abiria wakiwa wamepanga foleni na rubani akitazama saa. Fundi aliyesema "bado" wakati huo aliokoa watu wasiojua hata jina lake.

Baada ya hapo ndipo kuwasha. Mtu mwenye kizimamoto cha magurudumu alisimama kando, mahali rubani alipoweza kumwona. Ndani, rubani msaidizi alisukuma pampu ya mkono mpaka geji ya petroli ikapanda. Dakota nyingine baadaye ziliwekewa pampu za umeme. Injini iliyolala usiku ilirashiwa petroli kidogo kwanza. Ile iliyotua dakika ishirini zilizopita kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa haikuhitaji kurashiwa, na aliyeirashia kwa mazoea aliifurika, petroli ikachuruzika kwenye ekzosi.

Stata ya Dakota ina gurudumu zito ndani yake. Swichi ya kwanza hulizungusha gurudumu hilo, nawe unasikia mlio mwembamba unaopanda kwa sekunde kumi na kitu, kama mbu anayesogea sikioni. Swichi ya pili hulishikanisha na injini. Pangaboi linajivuta, panga moja, la pili, la tatu, halafu rubani anawasha magneto. Silinda moja inakohoa, kimya, mbili zinaitikia, kisha zote zinaingia kwa mkupuo na wingu la buluu linafunika bawa. Mkono wa petroli unafunguliwa taratibu, mzunguko unashikiliwa kati ya 800 na 1,000 kwa dakika, na macho yote yako kwenye geji ya oili. Isipopanda ndani ya sekunde 30, injini inazimwa. Moto ukitokea kwenye mdomo wa hewa, jambo ambalo si geni kwa injini iliyofurika, rubani haachi kuzungusha stata. Anafunga petroli na kuendelea, ili injini iumeze moto wake yenyewe.

Umeuliza kama moshi ulikuwa ubovu. Ule wa buluu unaotoka kwa nusu dakika au dakika nzima na kukoma ni ile oili iliyochuruzika usiku, sasa inaungua. Ukiendelea injini ikiwa imeshapata joto, hapo ringi zimelika au sili ya supachaja (pampu inayosukuma hewa kwenye injini) inavuja. Moshi mweusi una habari nyingine: petroli imezidi hewa. Kuhusu oili chini, tangi la kila injini hubeba kama lita 110, na hizo si za kulainisha tu. Oili ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya joto kutoka ndani, ndiyo inayobadilisha pembe ya mapanga, na kiasi fulani chini ya tangi hutengwa makusudi ili hata injini ikipoteza oili yote nyingine, pampu ya dharura iweze kuyageuza mapanga yakate upepo kwa ukingo, yasiwe breki hewani. Matone chini ya injini ya nyota ni ya kawaida. Fundi alitishika zaidi alipoikuta sakafu kavu, akaenda kupima tangi.

Kupasha joto kulihitaji subira. Oili ifike kama nyuzi 40 za Selsiasi, vichwa vya silinda nyuzi 120, ndipo injini ipewe nguvu na kila magneto ijaribiwe peke yake. Mzunguko ukishuka zaidi ya 100 kwa magneto moja, au injini ikimisi, ndege ilirudi maegeshoni. Mara nyingi ilikuwa plagi iliyolowa oili, na plagi ziko 28 kwa kila injini. Kwa ndege nzima ni 56. Hesabu hiyo peke yake inakuonyesha siku za babu zilikwenda wapi.

Kuna sauti moja ambayo watu wa rika lake huikumbuka bila kujua imetoka wapi: mvumo unaopanda na kushuka, vuuu-uuu-vuuu, ndege ikipita mbali. Ni injini mbili ambazo hazijalingana. Kwenye mwendo wa kawaida injini huzunguka kama mara 2,050 kwa dakika, ambayo kupitia giaboksi na mapanga matatu ni mapigo 57 hadi 58 kwa sekunde. Injini ya pili ikiwa mbele kwa mizunguko 20 tu, sauti mbili hizo zinakutana na kuachana kila baada ya sekunde mbili hivi. Rubani alizilinganisha kwa sikio, akisogeza mkono wa pangaboi unywele kwa unywele mpaka mawimbi yarefuke na kutoweka. Ukiusikia mvumo ule ukinyooka ghafla, ujue mtu ametoka kusogeza mkono wake.

Uangalifu huo uliendelea mpaka kutua. Kutoka Nairobi kwenda Mombasa Dakota huruka kwenye futi 9,500 hivi. Rubani hawezi kufunga gesi juu ya Mariakani akateremka kama jiwe. Silinda zinazopozwa na upepo zikipoa ghafla hupata nyufa, na pangaboi likianza kuisukuma injini badala ya injini kulisukuma pangaboi, mzigo hugeuka upande kwenye beringi ya konrodi kuu, upande ambao oili haikuandaliwa kuulinda. Kwa hiyo hushuka taratibu, futi 500 kwa dakika, nguvu ikipunguzwa kidogo kidogo. Dakika 19 za kushuka kwa mwendo wa noti 150, yaani maili 150 za baharini kwa saa, ni karibu kilomita 90, maana yake safari ya kuteremka Mombasa huanzia maeneo ya Mackinnon Road. Abiria walidhani rubani anawaonyesha mbuga za Tsavo, na kweli waliziona vizuri, lakini aliyekuwa akibembelezwa ni injini.

East African Airways ilianza kazi mwaka 1946 na ndege ndogo za de Havilland, na Dakota zikaja kuwa mgongo wake wa safari za ndani. Ni Dakota ya shirika hilo iliyomchukua Elizabeth kutoka Nanyuki hadi Entebbe tarehe 6 Februari 1952, saa chache baada ya kuwa malkia wa Uingereza. Pia tusifunike mabaya. Dakota haina kabini yenye hewa ya shinikizo, kwa hiyo ilipita kati ya mawingu na milima, si juu yake. Mei 1955 moja yake, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Kilimanjaro, na watu wote 20 wakafa. Anayezikumbuka ndege hizi kwa mapenzi aikumbuke na hiyo.

Sasa, mbona zilitoweka? Fremu haikuchakaa. Dakota iliundwa kabla wahandisi hawajaweza kukokotoa uzito kwa usahihi wa leo, wakaijenga kwa ukarimu, na zipo zinazoruka hadi sasa. Kilichoiangusha ni injini na kinywaji chake. R-1830 mbili hunywa pamoja lita 350 hivi za petroli ya ndege kwa saa, petroli maalumu yenye madini ya risasi, si mafuta ya taa yanayochomwa na jeti. Viwanja vilipoanza kuhudumia jeti na ndege za tabo (injini ya mfumo wa jeti inayozungusha pangaboi), petroli hiyo ikawa adimu na ghali, na viwanja vingi vya Afrika sasa havina kabisa. Injini ya nyota pia hufunguliwa yote na kukarabatiwa baada ya saa elfu moja na kitu, wakati tabo hupita saa 3,500 na zaidi. Fokker F27 za East African Airways zilipofika mwaka 1962, zikiwa na injini za Rolls-Royce Dart, hesabu ilikuwa imeshageuka. (Kama babu anakumbuka ndege ya pangaboi yenye mabawa juu na mlio mkali wa filimbi, hiyo ndiyo Fokker.) Huko Marekani, kampuni ya Basler mjini Oshkosh huzichukua Dakota kuukuu, huzirefusha kidogo sehemu ya mbele ya mabawa na kuzifunga injini za tabo za PT6A. Zinaruka mpaka Antaktika. Mwili ni uleule, lakini asubuhi hakuna anayehesabu.

Kwa hilo la roho, tunadhani tunamwelewa babu. Injini ya tabo huwashwa kwa swichi na hufuatiliwa kwenye skrini, na tunashukuru kwa usalama wake. Lakini haimwambii mtu kitu mkononi. Ya nyota ilimwambia, kila siku, kabla ya rubani kufika. Ukitaka kuisikia bado ikiwaka, kikosi cha kumbukumbu cha jeshi la anga la Uingereza kilichoko Coningsby kinayo Dakota yenye namba ZA947, inayoonekana kwenye maonyesho ya kiangazi. Ukibahatika, usisubiri tu ipite juu. Fika mapema, simama upande wa pua kwa umbali unaoruhusiwa, usikilize kuanzia mlio wa stata.

Kabla ya hapo, kaa na babu na simu ya kurekodi. Muulize walihesabu mpaka panga la ngapi, na nani alihesabu. Muulize pia, mkono ulihisi nini silinda nzuri ilipofika kwenye mgandamizo, na ulihisi nini ilipokuwa na oili. Ya kwanza hudunda kama mpira uliojaa upepo, kisha hulegea polepole. Ya pili husimama ghafla, kama mlango uliokomelewa kwa ndani. Akikueleza tofauti hiyo kwa maneno yake mwenyewe, yaandike kama alivyoyasema.